Ua linasifiwa, jani ndilo linalofanya kazi

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala ya mwandishi wenu kuhusu jini, ile pombe kali ya "gin", ya Kijapani inayotengenezwa kwa maua ya msimu, na kwa kuwa kazi yangu ya kila jioni ni kuimimina jini hiyo hiyo kwenye kaunta ya baa moja hapa Osaka, naomba nafasi nami niseme. Makala imeandikwa kwa lugha tamu, sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni kwamba yote yaliyoandikwa yametoka kwenye lebo, na lebo haijawahi kupanda ngazi ikachuma ua.

Mwandishi anasema petali za sakura, yaani ua la mcheri wa Kijapani, huokotwa bustanini zinapodondoka, hutiwa kwenye mtambo, na kinachotoka ni jini ya waridi, laini, "kinywaji cha kina dada". Anaongeza kuwa Japani ndiyo kwanza inaanza kutengeneza jini. Nitayapitia hayo, lakini si kwa uzito sawa, maana mengine ni madogo na moja ni kubwa.

Kubwa ni hili la harufu.

Sakura mnayoiona kwenye picha, ile ya mitaa mizima iliyogeuka nyeupe na waridi hafifu, kwa sehemu kubwa ni aina moja tu iitwayo Somei-yoshino. Miti hiyo yote huzalishwa kwa kubebeshwa vikonyo vya mti uliotangulia, kwa hiyo kinasaba ni mti mmoja uliosambazwa nchi nzima. Ndiyo sababu miti ya eneo moja huchanua kwa pamoja kana kwamba imepigiwa kengele. Idara ya Hali ya Hewa ya Japani ina miti yake ya mfano, na wa Tokyo uko katika hekalu la Yasukuni. Maofisa hutangaza kwamba msimu umefika pale wanapohesabu maua 5 au 6 yaliyofunguka kwenye mti huo. Sasa nenda ukaweke pua kwenye ua la Somei-yoshino. Nawaona wageni wakifanya hivyo kila mwaka kando ya mto, wamefumba macho tayari kwa manukato, halafu wanafumbua wakitazamana. Harufu haipo, au ipo kwa mbali sana. Ukijaza mtambo mzima kwa petali zilizookotwa chini ya miti hiyo, utapata vumbi la bustani na majuto.

Harufu ambayo Mjapani akiinusa anasema "hii ni sakura" inatoka kwenye jani. Tena si jani bichi. Chukua jani la mcheri mtini, linuse, utanusa jani. Ndani yake kuna kitu kilichofungwa pamoja na sukari, na kikiwa kimefungwa hakinuki. Jani linaponyauka au kulazwa kwenye chumvi, vimeng'enya vyake hufungua kile kifungo na kinachotoka ni kumarini. Hapo ndipo inakuja ile harufu ya majani makavu ya shambani, vanila kidogo, na lozi kwa mbali. Aliyewahi kula sakuramochi anaijua: ni andazi dogo la mchele wa kunata lenye maharage matamu ndani, limefungwa kwa jani la sakura lililokaa kwenye chumvi. Huku Osaka mchele wake huachwa punje punje. Jani linaliwa pamoja na andazi, ingawa wapo wanaolibandua na kuliweka pembeni ya sahani. Hao mimi huwatazama kwa huzuni.

Majani hayo yana kwao. Mji wa Matsuzaki, katika rasi ya Izu mkoani Shizuoka, ndiko yanakotoka majani mengi zaidi ya kutiwa chumvi katika Japani nzima. Mti wenyewe ni Oshima-zakura, jani lake ni laini na halina manyoya. Wakulima hawauachi ukue ukawa mti wa kupigia picha. Huukata chini kila mwaka ili utoe machipukizi mapya yenye majani mororo, na shamba lake ukilitazama kwa mbali halikupi wazo lolote la maua. Kuchuma huanza mwezi wa 5 na kuendelea wakati wa joto. Majani hupangwa moja juu ya jingine, vikonyo upande mmoja, hufungwa mafungu ya majani 50, kisha hulazwa kwenye mapipa makubwa ya mbao pamoja na chumvi, na kugandamizwa kwa mawe kwa miezi. Wafanyao kazi hiyo, wengi ni wazee. Mwandishi wenu hakuwataja hata kwa nusu mstari.

Ua nalo lina kwao, nisije nikaonekana nalichukia ua. Maua ya sakura ya kuliwa na kunywewa hayatoki kwenye Somei-yoshino. Hutoka kwenye yaezakura, zile zenye petali nyingi zilizobanana, rangi ya waridi iliyokolea, hasa aina ya Kanzan. Mji unaosifika kwa kazi hiyo ni Hadano, mkoa wa Kanagawa. Huchumwa mwezi wa 4, kwa ngazi, likiwa bado halijafunguka lote, na huchumwa na kikonyo chake. Ua lililokwisha kufunguka kabisa halina faida, likiguswa na chumvi linasambaratika. Lililodondoka chini ndiyo kabisa, halimo hata kwenye mazungumzo. Baada ya chumvi hutiwa siki ya ume, tunda chachu la Kijapani la jamii ya plamu, siki ile inayojitoa yenyewe matunda ya ume yanapolazwa kwenye chumvi, na siki hiyo ndiyo inayoshika rangi isififie.

Anayetaka kuyaona yaezakura mtini bila kwenda Hadano aje hapa hapa Osaka, kwenye Kiwanda cha Taifa cha Sarafu. Kina njia ndani ya uwanja wake, ya urefu wa mita 560 hivi, iliyopandwa miti zaidi ya 300, na tangu 1883 milango hufunguliwa kwa umma kwa siku chache katikati ya mwezi wa 4. Wakati huo Somei-yoshino zimekwisha na watu wa picha wamekwenda zao. Mimi hupita pale mchana kabla ya zamu.

Kwenye kaunta yetu tuna chupa ya maua ya chumvi ndani ya jokofu. Mteja akitaka, natoa ua moja, nalisuuza, nalilaza kwenye maji ya vuguvugu mpaka lijikunjue, nalisuuza tena, ndipo naliweka kwenye glasi. Nikilichomoa chupani nikalitumbukiza moja kwa moja, mteja atakunywa bahari. Ua likifunguka kwenye glasi linapendeza kwelikweli, petali zinatanuka pole pole na kikonyo kinasimama. Lakini mteja akisema "mm, harufu ya sakura", ninachokisikia mimi ni chumvi, siki, na jani lililokuwa tayari ndani ya jini. Ua hapo lipo kwa ajili ya macho, na macho nayo yana haki yao. Wajapani hulinywa ua hilo hilo kwenye maji ya moto siku ya posa au harusi, na hakuna anayedai kwamba maji yale yana ladha kubwa.

Sasa chupa yenyewe. Nadhani mwandishi wenu alikuwa anaizungumzia Roku, jini ya kampuni ya Suntory, au mojawapo ya ndugu zake, maana maelezo ya chupa yenye pembe sita yanaelekea huko. Roku ilitoka mwaka 2017, na inatengenezwa hapa Osaka katika kiwanda cha kampuni hiyo kilichoanza 1919. Vitu vyake sita vya Kijapani ni ua la sakura, jani la sakura, ganda la yuzu (tunda la Kijapani la jamii ya limau), chai ya sencha, chai ya gyokuro, na sansho, ile pilipili inayoacha ulimi ukiwashawasha na kufa ganzi. Angalieni: jani na ua vimehesabiwa mbalimbali. Kampuni yenyewe inakiri kwamba ni vitu viwili, ila kwenye tangazo linapigwa picha moja tu, na si ya jani.

Chini ya hivyo sita vipo vinane vya jini ya kawaida ambavyo makala iliviruka vyote: vitunda vya junipa, mbegu za giligilani, mzizi na mbegu za anjelika, iliki, mdalasini, ganda la limau na ganda la chungwa chungu. Bila junipa hiyo si jini, ni pombe kali yenye marashi. Hivi vinane ndivyo vinavyoibeba Roku. Sakura inakaa juu, mwanzoni, halafu inapisha.

Namna ya kukeneka, yaani kuchemsha na kuukusanya mvuke, nayo ingefaa kuandikwa, maana hapo ndipo ufundi ulipo. Havitiwi vyote kwenye mtambo mmoja vikachemshwa kama supu. Kila kimoja hupewa mtambo na moto unaokifaa. Ganda la yuzu linahimili mtambo wa shaba. Sakura haihimili, ikipata joto la kawaida inaiva na kunuka mboga. Kwa hiyo hukenekwa kwenye mtambo wa chuma cha pua ambao hewa yake imepunguzwa, na hewa ikipungua kilevi huchemka kwa joto la chini, harufu ikatoka bila kupikwa. Baadaye ndipo hizo pombe tofauti huchanganywa. Nakubali kwamba Suntory ni kampuni kubwa mno na kuiita jini yake kazi ya mafundi wachache kunanichekesha kidogo, lakini kazi ya mitambo yao naiheshimu.

Na kwa sababu makala ilifanya kana kwamba jini ya Japani bila ua haiwezekani: jini iliyoanzisha wimbi hili lote ni Ki No Bi ya Kyoto, mwaka 2016. Kilevi chake cha msingi ni cha mchele. Ndani mna yuzu, gyokuro ya mji wa Uji, mbao za mti wa hinoki, mianzi, tangawizi, majani ya shiso nyekundu, sansho. Ua la sakura hamna. Inanusa msitu uliolowa mvua, na ukiniuliza mimi ndiyo naipenda zaidi. Kampuni ya Nikka nao walitoa yao mwaka 2017, imejaa machungwa ya aina aina ya Kijapani pamoja na tofaa, nayo haina sakura. Ama kuhusu "ndiyo kwanza wanaanza", Suntory walikuwa wanauza jini ya Hermes mwaka 1936. Kilicho kipya ni kuweka vitu vya kwao ndani yake na kujivunia.

Neno msimu nalo limetumika ovyo. Jaribu kufikiri kwa kalenda. Chupa maalumu za sakura huanza kupangwa madukani mwezi wa 2 na wa 3, ili watu wazipate kabla ya kwenda kukaa chini ya miti. Wakati huo hakuna ua la yaezakura lililochanua mahali popote pa kuchumwa. Basi maua yaliyomo ni ya mwaka jana, na majani ni ya kiangazi cha mwaka jana, yaliyochumwa watu wakiwa na taulo shingoni kwa jasho. Hakuna udanganyifu hapo. Pombe ndivyo ilivyo, ni namna ya kuhifadhi. Lakini kuandika kwamba mnywaji "anakunywa majira ya mwaka huu" ni kumpa kitu ambacho hakimo. Na katika chupa moja ya Roku majira yamechanganyika: ua la sakura ni la mwezi wa 4, sencha ni ya mwezi wa 5, gyokuro ni chai iliyofunikwa isione jua wiki kadhaa kabla ya kuchumwa, na yuzu linaiva baridi ikiwa imeshaingia. Kama mwandishi alitaka habari ya msimu, angetueleza hiyo.

Angeweza pia kutueleza kwamba msimu wenyewe hautulii. Kyoto wana kumbukumbu za tarehe za kuchanua kwa sakura zinazorudi nyuma hadi mwaka 812, kutoka kwenye shajara za watawala na watawa. Mwaka 2021 kilele kilifika tarehe 26 Machi, mapema kuliko mwaka wowote uliotangulia katika kumbukumbu hizo zote. Kwa mtembeaji hilo ni kubadilisha tiketi ya treni. Mchumaji anayelitaka ua kabla halijafunguka anahesabu siku zake kwa vidole, na joto likija ghafla siku hizo zinapungua.

Yaliyobaki ni mafupi. Rangi: kinachotoka kwenye mtambo ni cheupe kama maji, uwe umetia ua, jani au gogo la hinoki. Roku ni nyeupe. Ukiiona jini ya waridi, rangi imeingia baadaye, na wingi wa waridi hauna uhusiano na wingi wa maua. Kilevi: Roku tunayouza ina asilimia 47, Ki No Bi 45 hivi. Serikali ya Japani haijali ushairi wa lebo, inatoza pombe kali za namna hii yeni 10,000 kwa kila nyuzi moja ya kilevi (yaani asilimia moja) kwa lita elfu, kwa hiyo chupa ya mililita 700 yenye asilimia 47 imebeba ushuru wa pombe wa yeni 329 kabla ya kodi ya mauzo ya asilimia 10. Mtoza ushuru anaijua vizuri kuliko mwandishi wenu kwamba hiki si kinywaji laini. Hapa utu uzima sasa ni miaka 18 tangu Aprili 2022, lakini pombe imebaki 20, ua au si ua. Na mtu akija na gari akanywa, sheria tangu 2007 inamshika pia aliyemmiminia, yaani mimi. Kwa hiyo hilo la "kina dada" naomba liachwe. Wanawake wanaokaa kwenye kaunta yetu wengi huagiza wiski. Anayeagiza ya sakura na kuipiga picha kutoka pembe zote mara nyingi ni kaka aliyetoka ofisini na tai imelegea.

Kwa wasomaji watakaoipata chupa: bosi wangu, ambaye wateja wote wanamwita Masta nami namwita hivyo hivyo, alinifundisha kuanza na kiganja. Tia tone moja, sugua viganja viwili, ngoja kilevi kiruke, kisha nusa. Kwanza inakuja junipa na ganda la limau. Yuzu inafuata, inang'aa na kuondoka. Kikishapoa kiganja, sehemu ya chini kabisa, kuna kitu kikavu na kitamu kama majani yaliyokatwa juzi. Hicho ndicho kinachoitwa sakura, na sasa mnajua kimetoka kwenye sehemu gani ya mti.

Halafu msiiue kwa toniki tamu. Wengi wa wateja wetu wanakunywa na maji ya soda, barafu kubwa moja, jini sehemu moja, soda sehemu tatu au nne, ikimiminwa pembeni taratibu isilipige barafu gesi ikatoka. Ukitaka toniki, tafuta isiyo na sukari nyingi na utie vipande vyembamba vya tangawizi mbichi, maana tangawizi inaiamsha sansho. Ndimu naomba muiache, yuzu iliyomo inatosha na wakigombana atakayeumia ni sakura.

Ndugu Mhariri, sikuandika ili mumkemee mwandishi. Anaweza kuandika, na hilo si la kila mtu. Ninachoomba ni masahihisho mafupi kuhusu petali za kuokota, rangi ya waridi na mwaka 1936. Na kama gazeti litamtuma huku siku moja, asije mwezi wa 3 na kamera. Aje mwezi wa 6, apande basi hadi Matsuzaki, awaulize wanaofunga yale mafungu ya majani 50 wanalipwaje kwa fungu, na kama wana vijana wa kuwapokea. Hayo mimi ningelipia gazeti kuyasoma.

Wako,
Mimina-jini,
Osaka, Japani